Farasi wa Baharini Sebuleni Umoja

Mama alizikwa Machakos siku ya Jumamosi, na kabla wiki haijaisha baba akarudi kazini. Alikuwa dereva wa kampuni moja iliyosafirisha samaki wa mapambo, wakiwa hai, kutoka Mombasa hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina shughuli, basi nikabaki kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Umoja, Nairobi, nikipika, nikifagia, nikilala mchana. Watu walipokuja kutupa pole niliwapa chai. Wao walilia. Mimi niliangalia kama sukari inatosha.

Siku moja baba aliingia na tangi la kioo, na nyuma yake madumu ya maji ya bahari. Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na farasi wa baharini wawili, wale samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi, dume na jike. Jike alikuwa na pua iliyopinda, na dume alikuwa na kovu mgongoni.

"Wateja wa ng'ambo hawawataki," baba alisema. "Wangetupwa."

Aliliweka tangi pale penye cherehani ya mama, akaunganisha pampu ndogo ya hewa kwenye soketi ya stima, na vipovu vikaanza kupanda.

Kila asubuhi wale wawili walikutana katikati ya tangi, wakabadilika rangi kidogo, wakashikana mikia na kuzunguka pamoja. Baba alikunywa chai yake amesimama akiwatazama. Kisha siku moja jike akamsogelea dume kifua kwa kifua, na tumbo la dume likaanza kufura.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama Mwislamu aliyeuza vitambaa katika soko la Eastleigh, alipanda kuja kuona.

"Yaani baba ndiye ana mimba?"

"Jike anamwekea mayai kwenye mfuko wa tumbo," nikamwambia, maana ndivyo baba alivyonieleza. "Dume anayabeba mpaka yaanguliwe."

"Subhanallah! Mzee wangu angekubali hii kazi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliponiona sicheki, akanishika bega, akashuka.

Dume alizaa baba akiwa safarini. Nilikuwa nikiosha vyombo nikaona maji ya tangi yamejaa vitu kama nyuzi. Alijikunja, akajikunyata, na kila alipojikunyata mfuko ulitema watoto. Walikuwa wadogo kuliko punje ya mchele, lakini kila mmoja alikuwa na kichwa cha farasi na mkia uliotafuta cha kushika. Niliwateka kwa kikombe na kuwatia kwenye ndoo nyeupe, nikawawekea nyuzi za katani wazishike. Chakula chao kilikuwa vijidudu nilivyoangua katika chupa za soda dirishani, mayai yao yakitoka kwenye mkebe alioniachia baba. Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Sikufurahi. Sikuogopa pia.

Kesho yake asubuhi stima ikapotea mtaa mzima. Pampu ikanyamaza. Nilikaa nikiitazama, kisha nikachukua kikombe, nikachota maji na kuyamimina polepole kutoka juu, ili yapate hewa. Mara kwenye tangi, mara kwenye ndoo. Adhuhuri jirani alinikuta bado ninamimina.

"Tangu saa ngapi, mwanangu?"

"Tangu asubuhi."

"Lete hicho kikombe. Wewe kaa."

Tulipokezana mpaka jioni, stima iliporudi. Hata hivyo wengi walikufa. Wengine walimeza hewa wakaelea juu, mikia ikining'inia, wasiweze kuzama. Niliwatoa kwa kijiko na kuwaweka kwenye kisahani.

Baba aliporudi alikitazama kile kisahani kwa muda, kisha akachungulia ndooni. Wachache walikuwa wameshika katani.

"Umekula?" akaniuliza.

"Sijui."

Akavua koti, akasonga ugali, akakaanga mayai. Tulipokuwa tukila akasema, "Mama yako angewafukuza hawa kwa mwiko." Akacheka, halafu machozi yakamtoka, naye akaendelea kula. Nilimsogezea maji ya kunywa.

Wale wachache walikua. Wazazi wao walikufa, jike kwanza, dume wiki iliyofuata. Watoto walipofikia urefu wa kidole, baba aliniambia nijiandae tuwapeleke kwao. Nilisafiri naye kwenye lori hadi Mombasa, dumu likiwa miguuni pangu. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Tuliingia mpaka magotini, penye nyasi za bahari, tukaliinamisha dumu. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akashika jani, na baada ya muda mfupi sikuweza tena kutofautisha yupi ni farasi na lipi ni jani.

"Twende?" baba aliuliza.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akasimama kando yangu, suruali yake imelowa, akangoja.