Kikao cha Fortran Stesheni ya Kolwezi

Shemeji yangu Kabongo alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni ya migodi, na kwa miaka yote niliyomjua kazini alitaka kitu kimoja tu: wanasayansi waje kwenye kikao chake.

Hakikuwa kikao kigumu. Wanajiolojia na mainjinia waliandika hesabu zao za shaba na kobalti kwa Fortran, lugha ya kompyuta, na kila mmoja alitia njia zake za mkato ambazo mashine yetu peke yake ndiyo iliyozielewa. Duniani kulikuwa na kanuni zilizokubaliwa, na kitabu chake Kabongo alikuwa nacho. Alitaka wazisome, wazipigie kura, yaishe. Kila alipowaita alijikuta na mlinzi mwenye funguo za chumba. Mlinzi alikuwa msikilizaji mzuri.

Barnabé, mwanajiolojia, alimjibu kwa niaba ya wote, akimwita Tata, yaani baba, kwa heshima: "Tata Kabongo, programu yangu inatoaka jibu. Unataka nini tena?"

Mwaka 1993 wakubwa wa jimbo letu wakaamua kwamba sisi wenye asili ya jimbo la Kasai si watu wa hapa. Tulizaliwa Kolwezi, babu zetu waliletwa kuchimba, lakini tukaitwa bilulu, yaani wadudu, na wadudu hawapewi muda wa kufungasha. Tukaenda kulala stesheni, maelfu, tukingoja treni ya kutupeleka nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Dada yangu Kapinga alibeba masufuria. Kabongo, mumewe, alimbeba mgongoni mama yake mzazi, Ntumba, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena. Kitabu cha kanuni alikifunga kiunoni.

Mainjinia na wanajiolojia wa Kikasai, Barnabé akiwemo, nao walikuwa pale, wamekaa juu ya mafurushi bila kazi. Kabongo akawatazama, akaona akidi imetimia.

Walikuja wote. Sijui kama ni uchovu au adabu. Kwa mara ya kwanza walikisikia kifungu cha kwanza: programu isitumie neno ambalo mashine moja tu inalielewa. Barnabé akakataa katakata.

"Tuko na mashine moja tu, Tata."

"Hatuna ata ile moja," Kabongo akasema.

Hoja hiyo iliwagawa. Wakabishana kama watu wenye ofisi. Honi ya treni ikalia, lakini pale honi zililia kila siku, injini zikibadilisha njia tu, kwa hiyo hakuna aliyegeuka. Kapinga ndiye aliyeona mabehewa matupu yakiingia. Akaja mbio.

"Tata Kabongo, treni inafika. Kuya tupandishe mama."

"Niko nakuya. Tumalize kura kwanza."

Yalikuwa mabehewa ya mizigo, sakafu yake juu sana, na mimi na dada yangu hatukuweza kumwinua Mama Ntumba peke yetu. Tulijaribu. Watu walitusukuma, wakapanda, wakavuta watoto wao. Kifungu kilipita kwa kura zote, hata ya Barnabé, na waliponyanyuka treni ilikuwa imejaa na inaondoka. Nilimchukia shemeji yangu siku ile, na sioni haya kulisema.

Treni nyingine ilichelewa. Mvua ikaja, kuhara kukafuata, na Mama Ntumba hakuwa na mwili wa kushindana nako. Mainjinia wenyewe walichimba kaburi nyuma ya stesheni, wakipokezana koleo. Kabongo hakulia mbele yetu. Alinawa mikono, akakaa juu ya furushi.

Barnabé akamfuata, akachuchumaa karibu yake. Naamini alitaka kumfariji na hakujua njia nyingine.

"Tata, batu bote beko hapa. Tuanze kifungu ya mbili?"



"Apana," Kabongo akasema. "Kila muntu aandike vile anapenda."