Vidonge Ndani ya Mbegu

Mwaka huu mawingu yalitanda juu ya Manyatta mapema kuliko kawaida, na majirani wakafurahi. Dada yangu hakufurahi. Kila nilipomtembelea nyumbani kwa mumewe nilimkuta akitazama juu.

Alikuwa ameficha chupa ya vidonge vyake ghalani, ndani ya debe la mbegu za maharagwe. Katika boma lile, mbegu zikishachanganywa na majivu, debe halifunguliwi mpaka mvua inyeshe; ni dada tu aliyelifungua, kwa siri. Vilikuwa vidonge vya kujikinga na virusi vya Ukimwi, vinavyomezwa kila siku na mtu ambaye hajaambukizwa. Mumewe hufanya kazi Kiambere. Ana mwanamke mwingine huko, na amekataa katakata kupimwa. Mimi, niliyesomea afya ya jamii chuoni, ndiye niliyemsindikiza dada kituo cha afya kuvichukua.

Nilimsihi atafute maficho mengine.

"Acha woga, daktari," alinitania. "Hata panya wa hapa wanamwogopa mama mkwe wangu."

Mvua ilinyesha alfajiri moja. Nilipofika kuwasaidia kupanda, mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, mikono myeupe kwa majivu, chupa kiganjani.

"Chupa hii naijua," alisema kwa upole ulionitisha. "Ndugu yangu humeza dawa za chupa kama hii. Umekuwa mgonjwa tangu lini, mwanangu?"

"Mimi si mgonjwa, mama. Hizo ni za kuzuia," dada alijibu.

"Kuzuia nini, ndani ya nyumba ya mwanangu?"

Dada alinigeukia. Akikubali kwamba ni dawa za ugonjwa, atafukuzwa kama aliyeuleta. Akishikilia kwamba ni kinga, atakuwa amemshtaki mwana mbele ya mama yake. Nikaanza kueleza mimi.

"Wewe mwalimu, tulia," mama akanikatiza. "Hujaolewa."

Akaitia chupa mfukoni mwa aproni. "Mumeo anakuja Jumamosi. Utamweleza yeye."

Tulipanda mstari mmoja. Kisha dada akalilaza jembe, akanawa miguu kwa maji ya mtaro.

"Twende kituoni kabla hakijafungwa," aliniambia. "Jumamosi isinikute bila vidonge."

Mama mkwe hakutuzuia. Alibaki katikati ya shamba, simu sikioni, akizungumza kwa sauti ya chini na kututazama mpaka tukashika barabara.