Jeraha la Seng'enge

Kwetu ni Upare wa kusini, juu milimani, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta na mtoto akidondosha chungwa analiangalia tu likishuka kwenye migomba ya jirani. Dada yangu ndiye aliyenilea huko, maana mama alikuwa shambani kutwa. Alinifundisha kushuka mteremko na ndoo kichwani, kufua, na kusoma saa. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Kwenye kwaya alikuwa akinikonyeza katikati ya wimbo mpaka nicheke, mama ananifinya mimi, yeye anaendelea kuimba ametulia kama malaika.

Aliolewa tambarare, kijiji cha Bendera, na kijana mkulima wa mpunga. Harusi ilifungwa kanisani kwetu. Shemeji hakuwa mtu wa kutisha. Aliwaamkia wazee kwa heshima, na kila alipopanda mlimani alimletea mama yetu mchele. Watu wakisikia habari ya mume mpigaji wanamtafuta mtu mwenye sura ya mnyama. Sisi tulikuwa na shemeji aliyejua kuchinja kuku vizuri na kusimulia hadithi za nguruwe pori walioingia shambani kwake.

Tuliyemwogopa ni mama mkwe. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi, mnusa ugoro, mwenye maneno machache. Aliishi kwenye ua huohuo, nyumba yake ikitazamana na ya mwanawe. Dada alipojifungua mapacha, bibi yule alihamisha kitanda chake akaenda kulala chumbani kwa mzazi mpaka arobaini ikaisha. Alimkanda, alimpikia uji, aliwaogesha watoto kwa zamu, na bado hakuzungumza. Tangu hapo akawa anamwita Mama Pacha, na dada akawa anamwita mama, bila kuongeza "mkwe".

Sijui kipigo kilianza lini hasa, kwa sababu dada alinificha. Wakati huo mimi nilikuwa mjini Same, napika kwenye kibanda changu karibu na stendi: chai, chapati, supu, na makande siku ambazo wateja wengi ni watu wa kwetu. Dada alikuwa akipita akija mjini. Siku moja nilimkumbatia kwa nyuma kama zamani, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Una nini begani?"

"Niliangukia kuni."

"Ukaangukia mgongo?"

Akanyanyua kikombe cha chai akanywa, ingawa kilikuwa kitupu.

Baadaye aliniambia yote. Wazee wa pande mbili walikaa, wakala, wakamwonya mume na kumshauri mke avumilie. Mama yetu naye alimwambia avumilie. Simlaumu mama, alisema alichoambiwa yeye alipokuwa na umri ule. Dada alirudi Bendera, na kwa muda kukawa na utulivu.

Kisha asubuhi moja alishuka kwenye basi na mapacha wake, mdomo umepasuka, kifundo cha mkono kimevimba. Hakulia. Aliniuliza kama watoto wanaweza kupata chapati. Walipokuwa wanakula nilimwambia, "Leo hatuendi kwa wazee. Tunaenda polisi."

"Watanicheka."

"Wakikucheka nitawacheka na mimi."

Pale kituoni tulielekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Tulimkuta askari wa kike, binti mdogo kuliko sisi, aliyetuamkia "shikamooni" kabla hatujakaa. Alimsikiliza dada mpaka mwisho bila kumkatiza, akaandika maelezo yake, akampa fomu ya PF3 akatibiwe hospitali. Mkono ulikuwa umeteguka. Kabla hatujaondoka, dada alimuuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa muda mrefu.

"Mume si anaruhusiwa kumrudi mkewe kidogo?"

"Hapana, dada. Sheria ya Ndoa inakataza. Mume hana ruhusa ya kumpiga mke, wala mke kumpiga mume."

"Hata kama tumefunga kanisani?"

"Hata mngefunga mbinguni."

Dada akacheka na mdomo wake uliopasuka, akaushika kwa maumivu, akacheka tena.

Akakaa kwangu. Chumba kilikuwa kimoja, tulilala wanne kitanda kimoja, mapacha wakitupiga mateke. Nakumbuka siku zile kwa furaha, na sioni aibu kusema hivyo. Alisukuma chapati kwa mkono mmoja, na wateja wakaanza kuuliza chapati za yule mwenye bandeji, maana zangu zilikuwa ngumu.

Shemeji aliitwa kituoni, hakuja. Badala yake alikwenda kushtaki huko kwao: kwamba mkewe alimkata mkono kwa panga na kukimbia na watoto. Alikuwa na jeraha la kuonyesha, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja. Kwa hiyo mchana mmoja askari walikuja kibandani kumtafuta dada. Chapati ilikuwa kwenye chuma. Aliigeuza, akavua aproni, akaikunja.

"Usizime jiko," akaniambia. "Wale watu wa meza ya nje hawajala."

Niliwahudumia wale watu wa meza ya nje huku machozi yananitoka, hakuna aliyeniuliza. Halafu nikakimbilia ofisi ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, na jirani yangu muuza mitumba akafunga meza yake akaja kuwa mdhamini mwenzangu. Jioni tulitoka kituoni na dada, kwa dhamana. Tulipofika mlangoni alinishika mkono. "Sijamkata," alisema. "Wewe unajua sijamkata?" Nikamwambia najua. Akauliza tena. Nikajibu tena.

Askari wa dawati alitupeleka kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa akisaidia watu bure pale mjini. Alituambia hizi ni kesi mbili, na moja haiifuti nyingine. Kesi ya kupigwa kwake ingeendelea. Hii ya kukata ingesikilizwa mahakama ya mwanzo, na mlalamikaji ndiye mwenye kazi ya kuithibitisha. Dada asimpigie mumewe simu, asikubali kuifuta kesi yake ili na ile ya mumewe ifutwe, na siku ya kesi asikose.

"Sasa niambie," akasema, "nani aliuona mkono wa mume wako baada ya wewe kuondoka?"

"Mama yake tu. Wengine wanakaa mbali."

"Atasema?"

Dada alitikisa kichwa. "Sitamwomba. Nikimwomba, namtenga na mwanawe. Ana mmoja tu."

Nilikasirika, nikamwambia huo si wakati wa huruma. Hakubishana nami, na hakubadili neno.

Siku chache kabla ya kesi, bibi mwenyewe alishuka stendi. Alikuja kuona wajukuu, na kuku amefungwa miguu na kifurushi cha mchele. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la kibandani akawapakata mapacha wote wawili. Aliuangalia mkono wa dada. Alinusa ugoro wake. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kipare:

"Nasikia wanasema umemkata."

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Ule mkono niliuosha mimi."

Mteja mmoja aliomba chumvi, nikampelekea.

"Kesi ni lini?" bibi akauliza.

"Mama," dada akasema, "yule ni mwanao."

"Najua ni nani. Nilikuwepo alipozaliwa."

Siku ya kesi nilifunga kibanda. Shemeji alisimama akaeleza namna alivyokatwa, akakunja shati kuonyesha kovu. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akisimulia habari za nguruwe pori. Dada alipopewa nafasi ya kumuuliza, aliuliza jambo moja tu: nilikukata kabla ya kunipiga au baada? Shemeji akasema hakumpiga. Dada akakaa.

Bibi aliitwa kwa upande wa utetezi. Nilimwona shemeji akigeuka nusu mwili. Sidhani kama alijua mama yake yuko pale nje. Aliapishwa, akaambiwa anaweza kukaa kwa sababu ya umri, akasema atasimama. Hakimu alimwomba apaze sauti.

Alisema kwamba Mama Pacha aliondoka alfajiri na watoto, yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia lango. Jua lilipopanda, mwanawe alikwenda kutengeneza zizi la mbuzi, peke yake, na hasira zake. Alivuta seng'enge kwa nguvu, ikakatika, ikamchana mkono. Alikuja kwa mama yake damu zinatoka, naye akachemsha maji ya chumvi akamwosha.

"Na panga lilikuwa wapi?" hakimu akauliza.

"Panga lilikuwa kwa fundi. Halina mpini. Mpaka leo halina mpini."

Watu waliokaa nyuma walicheka kidogo, hakimu akawatazama wakanyamaza. Shemeji akaulizwa kama ana swali kwa shahidi. Alisimama. Akasema, "Mama, unanichukia?"

Hakimu alitaka kumwambia hilo si swali la kesi, lakini bibi alikwishajibu.

"Sikuchukii. Nakukataza."

Dada aliachiwa huru. Tulipotoka nje alimkumbatia mama mkwe wake, na bibi akasimama wima mikono imening'inia, maana hakuzoea kukumbatiwa, mpaka ikambidi aipandishe.

Kesi ya dada nayo ilifika mwisho wake. Shemeji alitiwa hatiani kwa kumpiga, akapewa adhabu ya kutumikia jamii, na kuamriwa kumlipa dada fidia. Nilitaka zaidi. Nilitaka pia ashtakiwe kwa kuwadanganya polisi, na msaidizi wa kisheria alituambia njia ipo. Dada alikataa. "Nilitaka ijulikane kwamba sikumkata," alisema. "Imejulikana."

Kuhusu ndoa, alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata. Shemeji aliomba msamaha mbele ya watu, na nadhani alimaanisha. Dada akamwambia amemsamehe, ila hatarudi kulala nyumba ile. Baraza likaandika kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na kwa hati hiyo akafungua shauri mahakamani. Mimi nilidhani anaomba talaka. Kumbe aliuliza kwa msaidizi wa kisheria akaelezwa kwamba anaweza kuomba kutengana tu, waishi mbalimbali kwa amri ya mahakama, ndoa ikiwa bado haijavunjwa. Ndicho alichoomba, na akakipata. Watoto wakae naye, baba awahudumie na awaone.

"Siku nikiitaka talaka najua mlango ulipo," aliniambia. "Kwa sasa nataka kulala tu."

Alirudi mlimani, kwa mama. Nilihofia mama angemrushia maneno, au watu wa kanisani wangempa mgongo. Mama alimpa chumba cha mbele, chenye dirisha, ambamo sisi wanawe hatukuwahi kuruhusiwa kulala. Kanisani wapo walionong'ona. Mchungaji alimrudisha kwaya bila kumuuliza kitu. Siku hizi analima tangawizi, na wanawake wa kitongoji wakiwa na mambo yao humfuata shambani. Huwasikiliza huku analima, halafu anawaambia dawati lipo wapi na waulizie nani.

Shemeji huja kuona watoto. Hukaa barazani, hupewa chai, huondoka. Bendera watu bado wanamsema mama yake kwamba alimuuza mwanawe. Lakini anampikia, na mwana anakula. Sijui wanazungumza nini wakiwa wawili.

Kila baada ya mavuno bibi hupanda mlimani. Anaogopa ile barabara, kwa hiyo hupanda bodaboda amefumba macho njia nzima na kushuka amekunjamana, akimlaumu dereva kwa kona ambazo hakuziona. Hukaa wiki kadhaa. Yeye na mama yetu hawaelewani hata kidogo: mmoja anataka makande yawe na nazi, mwingine anasema nazi ni ya watu wa tambarare. Wote wawili huja kunishtakia mimi nikifika, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini.

Nilipokwenda mara ya mwisho niliwakuta wako nje kwenye jua la saa nne, wanachambua maharage kwenye ungo mmoja, wamenuniana. Dada alikuwa amekaa kati yao, miguu ameinyoosha, anasuka nywele za pacha mmoja. Niliwaamkia wazee. Waliitikia kwa pamoja, kisha wakakasirika kwamba wameitikia kwa pamoja. Dada akainama juu ya kichwa cha mtoto, mabega yanatikisika, na nikajua anacheka.