Fahali wa Jeneroza

Enzi zetu kule Kitanga, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ng'ombe tulikuwa tunawachuma porini. Wa rika langu mnajua. Ntobo, yale matunda ya njano machungu kama dawa, ndiyo yalikuwa ng'ombe wetu, na zizi tulijenga kwa vijiti vya matete.

Sheria zilikuwa kali. Zizi moja, ng'ombe kumi. Wa kumi na moja unamgawia mwenzako bure, kama wazee walivyogawiana wa kweli. Ukificha, tunakuja kulikanyaga zizi lako. Ntobo ikinywea na kunuka, huyo amekufa, mtupe. Na hakuna kuzaa mpaka fahali alale zizini mwako. Kukicha ndipo unachuma ntobo mbichi, ndama, mmoja kwa kila jike.

Sasa fahali alikuwa mmoja kitongoji kizima: kokwa la parachichi, wakati huo kwetu mti huo haukuwapo. Baba mdogo alilileta tunda kutoka Kabanga, na binti yake Jeneroza akabaki na kokwa. Alilipaka mawese likang'aa! Wivu ulinijaa hadi ugali wa muhogo nikausukuma kando. Mama akaniambia, "Weye, wivu haukamuliwi maziwa. Kula."

Jeneroza alimzungusha fahali wake kwa wote, mimi akaniweka mwisho.

"Subiri zamu, weye. Ng'ombe wako wenyewe vikongwe!"

Watoto wakacheka. Siku nilipompata, wangu walikuwa wamebaki wawili, wamekunjamana. Sikumrudisha. Nilimfukia nyuma ya jiko, nikasema mbwa kambeba.

Jeneroza alilia kama kafiwa. Wiki haikuisha, mazizi yote yakawa matupu, langu likiwamo, maana ningewaonyeshaje ndama bila fahali? Nikaua ng'ombe wa kitongoji kizima, na mchezo ukafa hapohapo.

Mvua zilipokuja, fahali akaota. Mama akasema ni baraka ya Mungu, nami nikaitikia amina.

Leo mjukuu wangu Neema, ambaye darasani hana mpinzani, anafuga kwenye simu. "Bibi, zizi limejaa, nauza watano!" Anagusa kidole, basi. Ng'ombe wake hawanuki, hawazeeki, fahali haazimwi kwa mtu. Namwonea wivu, nasema kweli. Lakini hana wa kumgawia, na hajui kumlilia hata mmoja.

Juzi Jeneroza alikuja, akajaza kikapu parachichi zangu. "Dada, mti wako unazaa, nakuonea wivu!" Miaka yote hii nimenyamaza. Safari hii nikamwambia, "Chukua. Ni ndama wa fahali wako." Akanitazama, akautazama mti, kikapu akakiweka chini taratibu.

"Mbwa alikuwa weye."

Akacheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka. Chini ya ule mti makokwa yamelala mengi, mafahali watupu, na hakuna mtoto anayeinama kuokota.