Samli Kwenye Spika ya Mjomba

Niliporudi kutoka Durban nilikuja na stashahada ya elektroniki niliyoisomea jioni baada ya kazi, kwa jasho langu mwenyewe. Nikafungua karakana Nzuguni, na haukupita muda watu walikuwa wakiwapita mafundi wengine ili waje kwangu. Sijisifu bure, ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo mjomba wangu alipoileta redio yake kutoka Haneti, redio ya mbao yenye valvu, zile taa za kioo zinazowaka kwanza ndipo sauti itoke, nilimwambia mbele ya wateja, "Mjomba, Jumamosi utaondoka nayo ikiongea."

Redio hiyo aliachiwa na mapadre waliohama misheni alikokuwa mpishi. Ilikuwa bubu miaka mingi, na mafundi wawili walishamwambia aitupe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikishindwa, mkewe angeigeuza kabati la vikombe.

Nikaanza na koili ya kunasa mawimbi, iliyokatika kwa kutu ya kijani. Niliifungua huku nikihesabu mizunguko ya waya.

"Themanini na mbili," nikasema.

"Themanini na moja," akasema mjomba, ambaye nilidhani anasinzia. "Hapo katikati umeruka."

Nikabisha. Nikahesabu upya: themanini na moja. Mtu aliyehesabu ng'ombe wakiingia zizini maisha yake yote, usishindane naye. Nikazungusha waya mpya idadi ileile, yeye akihesabu.

Spika ndiyo ilinitoa jasho. Karatasi yake ilitafunwa na panya. Nikabandika kiraka kwa gundi, asubuhi kimebanduka. Nikarudia, kikabanduka tena. Mara ya tatu nikanusa vidole vyangu.

"Mjomba, umeipaka nini hii?"

"Samli. Kila kiangazi. Ngozi ikikauka wewe unaipaka nini?"

"Lakini hii ni karatasi!"

"Ilipasuka?"

"Imeliwa na panya!"

"Basi haikupasuka."

Fundi mwingine angeishia hapo. Mimi niliing'oa yote, nikabakiza koili ndogo ya sauti, nikakata karatasi mpya yenye umbo la koni kutoka kwenye mfuko wa saruji. Nzuguni hii inavyojengwa, mifuko ni ya kuokota tu. Nilipoijaribu ilikwaruza, maana koili ilikuwa inagusa sumaku. Nikaibandua. Safari hii nikaizungushia vipande vya karatasi nyembamba ili ikae katikati, nikangoja gundi ikauke kabisa, ndipo nikavichomoa kimoja kimoja.

Jumamosi mchana nikaiwasha. Taa zikawaka taratibu, ikanuka vumbi lililopata moto, ikavuma. Kisha mwanamume akaanza kusoma habari, sauti nene, ina mkwaruzo kidogo.

"Ana mafua," mjomba akasema.

"Mjomba, hiyo koni nimeikata kwa mkono. Katika mji mzima huu hakuna fundi mwingine ambaye…"

Alikuwa keshavuta kigoda, sikio karibu liguse kitambaa cha spika. Akanyanyua kiganja bila kunitazama.

"Mpwa wangu, hebu nyamaza. Anasoma habari za mvua."