Maji ya Povu

Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa, ndani kidogo kutoka barabara ya Mkiwa, nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kidevu kilichojaa vipele. Nilikuwa najinyoa kwa wembe na sabuni ya kufulia, kama tulivyozoea chuoni, na shingo yangu haikukosa mikwaruzo.

Aliyeniponya alikuwa jirani yangu, mzee aliyekuwa askari katika vita vya Burma. Unyozi alijifunza huko huko jeshini, na tangu arudi ndiye aliyewanyoa wanaume wa eneo lile kila Jumamosi. Watu walipohamishiwa kijijini aliacha nyumba yake ya zamani ya tembe akajenga upya kwenye mstari wa nyumba kama wengine wote, lakini kisanduku chake cha unyozi alikataa kisipakiwe kwenye lori. Alikibeba kichwani mwenyewe, mwendo wa nusu siku.

Siku ya kwanza kuniona aliniuliza, "Mjukuu wangu, nani amekuchinja hivi?"

"Nimejinyoa mwenyewe, babu."

"Kesho asubuhi uje kwangu. Usiguse wembe mpaka hapo."

Nilikwenda. Ndani ya kisanduku mlikuwa na wembe wa kukunja, mkanda wa kunolea, brashi ya singa za farasi, na sabuni ngumu ya kunyolea iliyokaa ndani ya kibakuli kama ugali uliokauka. Nilichovya brashi kwenye maji, nikaanza kuisugua sabuni kwa nguvu. Nilipata mapovu makubwa makubwa, yakapasuka kabla hayajafika shavuni. Mzee akaninyang'anya brashi.

"Unapigana nayo," alisema. "Hii haipigwi."

Akadondoshea sabuni matone machache ya maji ya uvuguvugu, akayaacha yakae. Brashi akailoweka, kisha akaikung'uta mpaka ikaacha kudondosha. Ndipo akaanza kuizungusha juu ya sabuni, polepole, bila kuikandamiza. Mwanzo hapakuonekana kitu. Baadaye likatokea tope jeupe zito. Akaongeza tone, akazungusha. Tone jingine, akazungusha. Alipoinua brashi, povu lilisimama kwenye ncha kama siagi, wala halikuanguka alipoigeuza.

"Povu halitaki maji mengi," alisema. "Linataka maji laini na mtu asiye na haraka."

Maji laini aliyatoa kwenye mtungi uliofunikwa kwa kibao pembeni mwa chumba. Visima vyetu vyote vilikuwa na chumvi. Ukiitia sabuni ile kwenye maji ya kisima, ilikatikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Kwa hiyo wakati wa mvua mzee alipanda majabali nyuma ya kijiji, akachota maji yaliyotuama kwenye mashimo ya mawe, akayachuja kwa kitambaa na kuyahifadhi. Kwa kuwa kila mtu alitumia vijiko vichache tu, mtungi mmoja ulitosha kunyoa kijiji kizima mpaka mvua nyingine.

Baada ya mwezi mmoja uso wangu ulikuwa safi. Nikawa mtu wa nyumbani pale. Mkewe alinibakizia uji wa mtama, na mzee hakuniita jina lingine ila mjukuu.

Mwezi wa kumi kisima cha karibu kilikauka. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri kwenda kisima cha mbali na kurudi jua likiwa kali. Katika hali hiyo ikaja habari kwamba wageni wa wilayani watatutembelea kuona maendeleo yetu. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Mimi nilikuwa mwandishi wa mikutano, na mwenyekiti alikuwa ameniahidi kwamba siku ya wageni nitasoma taarifa ya kijiji na kuketi nao meza moja. Ahadi hiyo nilitembea nayo kifuani wiki nzima.

Kuni na vikombe viligawiwa bila ubishi. Ilipofika habari ya chai, mama mmoja akasema maji ya kisima cha mbali yananuka tope, tena yana chumvi kuliko yale ya zamani. Mwenyekiti akaguna.

"Tutawanywesha wageni chai ya chumvi? Kijiji kizima hakuna mwenye maji matamu?"

Watu walitazamana. Niliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Yapo," nilisema. "Mzee wetu hapa ana mtungi mzima."

Kama ningeishia hapo, labda ningejisamehe. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasimama kabisa. Nikasema kwamba katika ujamaa hakuna mtungi wa mtu mmoja, na kwamba anayefungia maji ndani wakati mama zetu wanatembea maili nyingi amebaki na moyo wa zamani. Wakanipigia makofi.

Mzee alinyanyuka taratibu.

"Ni kweli ninayo," alisema. "Ni maji ya povu."

Mkutano mzima ukacheka. Mwenyekiti naye alicheka.

"Watu wana kiu, mzee, na wewe unatunza povu?"

Mzee aligeuka. Alinitazama mimi. Nilijua alichokuwa anangoja. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele ya kibakuli kile na kuelezwa yale maji ni ya nani: yalikuwa ya videvu vyao na vichwa vyao wenyewe. Sentensi moja ya mwalimu ingetosha. Niliinamia daftari nikaandika.

"Njooni mchukue," alisema mzee, akaketi.

Wageni walikuja, wakanywa chai, wakasifu. Nilisoma taarifa. Hawakukaa hata saa moja. Maji yaliyobaki kwenye mtungi yaliosha vikombe.

Haikupita wiki mbili, mama mmoja mwishoni mwa mstari wetu alifariki kwa homa, akaacha mume na watoto. Siku ya kuondoa tanga, mgane yule alipaswa kunyolewa kichwa, na ndugu zake baada yake. Wakamleta kwa mzee. Nilikuwa miongoni mwa waombolezaji, nimekaa kwenye mkeka hatua chache tu kutoka kigoda chake.

Mzee alipasha maji ya kisima. Alidondosha matone, akangoja. Akakung'uta brashi, akazungusha. Nilihesabu mizunguko moyoni, kama nilivyozoea nilipokuwa najifunza kwake. Hapakutokea povu. Palitokea maji ya kijivu yenye chembechembe. Akamwaga, akaanza upya. Watu wakaanza kukohoa na kujiweka sawa. Hakuweza kumrudisha mgane nyumbani na nywele za msiba kichwani, kwa hiyo alimpaka ule uji mwepesi, ukachuruzika na kukauka, akafungua wembe.

Juu kidogo ya sikio wembe ulinasa. Damu ilishuka shingoni mpaka kwenye shuka jeupe alilofungwa. Mgane hakutikisika. Nadhani hakuwa na nafasi ya maumivu mengine. Ila shangazi yake alisema kwa sauti ya chini, na wote tulimsikia, "Damu, siku ya kuondoa tanga."

Mzee alibana kidonda kwa kitambaa mpaka damu ikakata. Alimalizia kichwa kile kwa muda mrefu sana, kidogo kidogo. Kisha akafuta wembe na kufunga kisanduku. Ndugu za mgane waliondoka wakanyolewa kwingine.

Tangu siku ile nikawa nasikia kwenye duka la ushirika na njiani: mkono wa mzee umechoka. Jumamosi kigoda chake kilikaa kitupu. Nilisikia, nikanunua chumvi yangu na kwenda zangu.

Mvua ilipoanza, nilipanda jabali asubuhi na debe. Nilichota maji, nikayachuja kwa shati langu, nikampelekea. Alikuwa mlangoni anatengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Niliweka debe chini.

"Nimekuletea maji ya jabali."

Akachungulia. "Ni safi. Asante." Akamwita mkewe, "Mama, maji ya kupikia haya hapa."

"Babu, ni ya povu."

"Sinyoi tena. Mkono umezeeka."

"Si mkono," nilisema. "Ni maji ya kisima."

Aliacha kuchonga. "Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na siku ya mkutano ulijua?"

Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili ya kijiji. Maneno hayo yalifika mdomoni.

"Nilijua," nilisema.

Akaweka mpini chini. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Mimi siwezi kusimama mbele ya watu na kusema mkono wangu ni mzima," alisema. "Mtu hajitetei hivyo. Lakini wewe wanakusikiliza."

"Nitasema, babu. Mkutano ujao nitasema."

Mkutano ujao tulizungumzia mbegu za mtama na uzio wa shamba la pamoja. Mwisho mwenyekiti akauliza, kama kawaida, kama kuna mengineyo. Mzee alikuwa ameketi nyuma, anachora ardhi kwa fimbo, hanitazami. Nilifikiria jinsi watakavyoniuliza kwa nini nilinyamaza siku ile, na sura ya mwenyekiti, na wanafunzi wangu watakavyosikia kwa wazazi wao. Nikaandika: Mengineyo, hakuna. Mkutano wa pili uliofuata niliandika vivyo hivyo. Wa tatu mzee hakuja.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Misigiri. Nilipokwenda kuaga alikuwa shambani. Mkewe alinifungia karanga kwenye kitambaa na kuniambia nisichelewe basi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kijana kutoka kijiji kile, nikamuuliza habari za mzee. Akaniambia alikwisha fariki. Akafikiri kidogo, akahakikisha tunamzungumzia mtu mmoja.

"Yule kinyozi aliyemkata mgane," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Huyo huyo."