Kuwatoa kwa Kuanzia Nyuma

Mashine za kuchuma chai zilipoingia shambani kwetu, huku upande wa Sosiot, meneja alitangaza kwamba wachumaji hawatahitajika tena, na nyumba za kampuni wazirudishe. Mtu wa chama chetu cha wafanyakazi ndiye aliyeweka sahihi kwamba tumekubali. Hao wawili nawataja mapema, kwa sababu hawajawahi kuulizwa na mtu.

Ofisi ilitaka mtu mmoja tu wa kutunza majina ya wafanyakazi kwa kompyuta. Atakayepita mtihani anapata kazi na anabaki na nyumba ya kampuni. Mimi nimefika darasa la saba na sina nyumba nyingine. Nikaenda.

Tulifundishwa kuandika programu kwa ukumbi wa kanisa. Kwanza tuliunda klasi, yaani kielelezo cha kumweleza mtu kwa kompyuta, inayoitwa Mchumaji: ana jina, na ana alama ya kuonyesha kama bado yuko kazini. Halafu mwalimu akauliza tutawaweka wapi hao wachumaji.

"Mama, ukitumia safu ya kawaida ukaipa nafasi tano, ni tano tu. Wa sita akija?"

"Si alale nje," nikasema. "Hapa ndivyo tunafanyiwa."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akatuonyesha ArrayList, orodha inayojinyoosha yenyewe. Ukiandika add, mtu anaingia mwisho wa mstari. Ukiandika remove, anatoka, na walio nyuma yake wanasogea kuziba pengo. Namba zake zinaanza na sifuri, jambo lililonisumbua wiki nzima.

Siku ya mtihani meneja alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. Swali lilikuwa: toa kila mchumaji aliyeachishwa kazi, kisha onyesha waliobaki. Swali la kuniwekea mimi hilo! Nikaandika programu ianze kwa sifuri, ipite mmoja mmoja kwenda mbele, ikikuta aliyeachishwa imtoe. Nikabonyeza. Mwanamke mmoja aliyeachishwa alikuwa bado amekaa kwa orodha. Nikabonyeza tena. Bado yuko.

"Mwalimu, hii kompyuta ina makosa."

"Kompyuta haina makosa, mama. Angalia ulichoandika. Muda unaisha."

Dereva wa trekta, aliyefanya mtihani nami akiitaka nyumba hiyohiyo, alinicheka bila kuinua kichwa. "Mama, rudi kwa kikapu chako. Hii si chai."

Lakini aliposema kikapu, nikaona kitu.

Pale pa kupimia tulikuwa tunapanga vikapu chini kwa mstari. Karani anapita akikagua, kutoka mbele kwenda nyuma. Akikuta majani magumu anakitoa kile kikapu, nasi tunasukuma vya nyuma mbele haraka. Yeye tayari amepiga hatua. Kikapu kilichoingia kwa pengo, yeye hakioni kabisa. Kwa hivyo mwenye majani mabaya alikuwa anajipanga nyuma ya mwenzake mwenye mabaya zaidi. Kila mwanamke alijua hiyo njia.

Nikatazama orodha yangu. Wanawake wawili walioachishwa walikuwa wanafuatana. Wa kwanza ametolewa, wa pili amesogea kwa nafasi yake, na programu imeshapita hapo. Nikafuta mstari, nikaandika ianze na mtu wa mwisho, ukubwa wa orodha toa moja, ishuke mpaka sifuri. Hapo hata wakisogea, wanaosogea ni wale walioangaliwa tayari. Nikabonyeza.

Wakatoka wote.

Meneja alisoma skrini juu ya bega langu. "Huyu anatosha," akamwambia mwalimu, kama mtu anayechagua ng'ombe. Dereva alikuwa bado anaandika.

Jumatatu nilipewa kazi ya kwanza: kuwatoa wachumaji wa kundi langu mwenyewe. Programu haikumruka hata mmoja.

Jioni jirani yangu alibisha. Ni mama wa kutoka upande wa ziwa, tumechuma naye mstari mmoja miaka mingi.

"Dada, nasikia uko ofisini sasa. Niangalizie kama bado niko kwa orodha."

"Hauko. Nimekutoa leo asubuhi. Aliyenituma ni meneja, na aliyekuuza ni yule wa chama. Nenda uwaulize hao."

Alitazama kitanda changu, jiko langu, pazia.

"Na wewe utalala hapa?"

"Nitalala hapa," nikamwambia.

Hakuaga. Nikafunga mlango.